Tanzanaiti ya mkato wa drafti imetoka na dirisha katikati: kosa liko wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Ninakata vito hapa Arusha, huu ni mwaka wangu wa tatu, na kazi ninazopewa ni zile za kila siku: duara, ovali na mkato wa zumaridi. Mwezi uliopita nilijaribu mkato wa drafti, ule ambao taji lake, yaani upande wa juu, ni miraba midogo mitupu bila meza (uso bapa wa juu kabisa), kwenye tanzanaiti yangu mwenyewe. Ni jiwe la mraba lenye kona za mviringo, upana milimita 8, uzito karati 2.2. Kitako, yaani upande wa chini, nilikiweka digrii 35 ili nisipoteze uzito, kiuno, yaani ukingo kati ya taji na kitako, nikakiacha na unene wa milimita 0.5, na safu ya nje ya taji iko kwenye digrii 25. Jiwe linang'aa pembeni, lakini katikati naona vidole vyangu kana kwamba natazama kupitia kioo cha dirisha. Je, mkato huu haufai kwa tanzanaiti? Na ile mikato ya nyuso zilizobonyea, na ile inayochongwa mifereji upande wa nyuma, naweza kuifanya kwa mashine yangu ya sahani bapa? Ninayo pia amethisti kubwa na tsavoraiti (ganeti za kijani) chache zenye rangi nzito.

JIBU: Marahaba, mwanangu, na asante kwa kuniandikia vipimo vyote, kwa sababu bila digrii, upana na unene wa kiuno ningekujibu kwa kubahatisha tu. Mkato wa drafti hauna kosa, na tanzanaiti yako haina kosa. Kosa liko kwenye zile digrii 35 za kitako, na lilikwisha kutendeka kabla hujaligusa taji. Nitaanza hapo na nitakaa hapo kwa muda, kwa kuwa usipoelewa kilichotokea ndani ya jiwe hili, kila mtindo mpya utakaouona kwenye simu utakuangusha kwa namna ileile.

Mwanga uliokwisha kuingia ndani ya jiwe, unapougonga uso kutoka ndani, ama hupenya ukatoka nje, ama hurudishwa kama uliogonga kioo cha kujitazamia. Kinachoamua ni pembe unayogongea, ikipimwa kutoka kwenye mstari uliosimama wima juu ya uso huo. Kila aina ya jiwe ina pembe yake ya ukomo: mwanga ukigonga chini ya pembe hiyo, sehemu yake kubwa hutoroka, ukigonga juu yake, wote hurudi ndani. Kadiri jiwe linavyopinda mwanga kwa nguvu zaidi, ndivyo ukomo wake unavyoshuka. Almasi, ambayo kipimo chake cha kupinda mwanga ni 2.42, ina ukomo wa digrii 24.4. Tsavoraiti, yenye 1.74, ina ukomo wa 35.1. Tanzanaiti, yenye takriban 1.69, ina 36.3, na amethisti, ambayo ni kwatzi yenye rangi ya zambarau, ina kipimo cha 1.55 na ukomo wa 40.2. Namba hizi ningependa uziandike kwa kalamu ukutani, mbele ya mashine yako.

Sasa litazame jiwe lako. Mwanga unaoshuka wima kupitia katikati ya taji huugonga uso wa kitako kwa pembe ileile uliyoiweka kwenye mashine, yaani digrii 35. Hiyo iko chini ya 36.3, kwa hiyo mwanga umepita. Na kwa kuwa njia ya mwanga ni moja kwenda na kurudi, jicho lako nalo limepita hapo hapo likakutana na vidole vyako. Hilo ndilo dirisha, na hakuna taji lolote, liwe la drafti au la mtindo mwingine, linaloweza kuliziba lote.

Upo pia ukomo wa upande wa juu ambao vijana wengi hawafundishwi. Mwanga uliorudishwa na upande mmoja wa kitako huvuka jiwe na kuugonga upande wa pili, na pembe unayougongea ni 180 ukiondoa mara tatu ya digrii za kitako. Kitako kikiwa cha digrii 50, pembe hiyo inakuwa 30, na mwanga unatorokea upande wa pili. Jiwe halionyeshi dirisha, bali linakuwa na giza katikati. Kwa hesabu hiyo, nyuso kuu za kitako cha tanzanaiti zina nafasi ya kufanya kazi kati ya digrii 36.3 na 47.9. Kwa amethisti nafasi ni kati ya 40.2 na 46.6, yaani digrii sita tu na kidogo. Ndiyo maana amethisti, ingawa ni jiwe la bei nafuu, humfundisha mkataji nidhamu kuliko tanzanaiti.

Mkato wa drafti unaipunguza nafasi hiyo. Katika mkato wa kawaida meza ni bapa, na mwanga unaoingia wima hushuka wima. Katika drafti hakuna meza. Kila mraba umeinama kivyake, na mwanga unapoingia kupitia mraba huo hupinda. Mraba ulioinama digrii 10 huupinda mwanga wa tanzanaiti kwa takriban digrii 4 kuelekea katikati. Mwanga huo ukivuka mstari wa katikati na kuugonga upande wa pili wa kitako, digrii 40 ulizodhani unazo zinabaki 36, na tayari umeshaangukia chini ya ukomo. Miraba ya pembeni haina shida hiyo, kwa sababu mwanga wake hugonga kitako cha upande wake yenyewe, na pale pembe huongezeka badala ya kupungua. Hii ndiyo sababu jiwe lako linang'aa pembeni na kuwa tupu katikati. Kwa tanzanaiti ya mkato wa drafti, mimi huweka kitako kwenye digrii 41, na sishuki chini ya hapo hata mteja akilalamikia uzito.

Jiwe lako linaokoleka. Kitako cha digrii 35 kwenye upana wa milimita 8 kina kina cha milimita 2.8. Ukikiinua hadi digrii 41 bila kugusa kitu kingine kingehitaji milimita 3.5, nawe huna kina hicho. Lakini kiuno chako ni kinene, na ukipunguza upana, ukingo wa taji nao unapanda kidogo kwa sababu safu ya nje ina mteremko wa digrii 25. Nimepiga hesabu hiyo yote pamoja: ukibakiza kiuno cha milimita 0.25, upana utashuka hadi karibu milimita 7.4, na uzito utashuka kutoka karati 2.2 hadi 1.8 hivi. Ondoa jiwe kwenye kijiti kinacholishikilia, lishike upya kwa upande wa taji, saga kiuno kwanza hadi upana huo, kisha panda na kitako. Taji usiliguse isipokuwa miraba ya nje itakayokuwa imekatika. Najua karati 0.4 za tanzanaiti si kitu kidogo kwa kijana anayejinunulia mawe mwenyewe, lakini dalali yeyote mzoefu wa Arusha atalipitisha jiwe hilo juu ya gazeti, na akiweza kusoma herufi kupitia katikati yake atakukata bei zaidi ya hizo karati.

Unapolishika upya, usitumie nta ya moto. Tanzanaiti huchukia mabadiliko ya ghafla ya joto, na ina upande mmoja wa asili ambao hupasukia kirahisi sana. Tumia gundi ya epoksi na uiache ikauke usiku mzima. Kabla ya kulitoa jiwe jingine lolote mikononi, jizoeze kulikagua mapema: kitako kikiwa kimeshang'arishwa na taji likiwa bado kwenye sahani ya kusagia laini, paka tone la mafuta juu ya taji. Ukungu wa kusagia utatoweka kwa muda na utaona ndani kana kwamba jiwe limekwisha, wakati bado unaweza kusahihisha.

Kuhusu nyuso zilizobonyea, jibu ni hapana: sahani bapa haiwezi kutoa uso uliobonyea, hata ukiwa fundi wa namna gani. Kinachohitajika ni fimbo ya mviringo iliyolala, inayozunguka na wakati huohuo kusogea mbele na nyuma, ili jiwe likisukumwa juu yake lipate mfereji laini usio na ngazi. Doug Hoffman wa Marekani alitengeneza mashine ya namna hiyo, na Mmarekani mwenzake, Richard Homer, ni miongoni mwa wakataji walioupatia mtindo huu heshima. Vipo vifaa vya nyongeza vinavyofungwa kwenye mashine za kawaida, lakini uhakikishe kwanza kwamba mlingoti wa mashine yako hautikisiki, kwa kuwa fimbo huonyesha mtikisiko ambao sahani huuficha.

Faida yake ni ya kweli. Uso bapa hurudisha mwanga kama kioo bapa, mmweko mmoja kwa uso mmoja. Uso uliobonyea huutawanya mwanga uleule, na unapolitikisa jiwe, mmweko mmoja huonekana kama mstari unaotembea. Jiwe kubwa lenye rangi hafifu, ambalo kwa mkato wa kawaida lingekuwa kama maji ya chupa, hupata uhai. Kazi yenyewe huanza kwa nyuso bapa kama kawaida, ili pembe na mipaka ikae sawa, kisha kila uso wa kitako hubonyezwa kwa fimbo yenye almasi, hufuatiwa na fimbo ya chuma laini iliyopakwa unga laini wa almasi, na mwisho fimbo ya kung'arishia. Kila hatua lazima ifute mikwaruzo yote ya hatua iliyotangulia, kwa sababu mkwaruzo uliobaki chini ya mfereji hauwezi kuufikia tena bila kuusaga uso wote upya.

Kwa tanzanaiti, tahadhari. Niliwahi kupoteza jiwe la karati 4 hivi kwa kujaribu mtindo huu. Sahani hugusana na jiwe kwa eneo pana na maji huenea. Fimbo hugusana nalo kwenye mstari mwembamba, na joto lote hukusanyika hapo. Bomba langu la matone lilikuwa limesogea sentimita mbili kutoka mahali jiwe lilipokuwa, na mimi nilikuwa nasikiliza sauti ya mashine badala ya kutazama maji. Nilisikia mlio mdogo kama wa kucha inayokatika. Jiwe lilikuwa limepasuka bapa, safi kabisa, kwa ule upande wake wa asili. Tangu siku hiyo nyuso zilizobonyea ninazifanya kwenye kwatzi, akwamarini na ganeti, na tanzanaiti ninaiacha kwenye sahani.

Mikato yenye mifereji upande wa nyuma ina baba yake anayejulikana: Mjerumani Bernd Munsteiner, aliyezaliwa mwaka 1943 na kufanya kazi katika eneo la Idar-Oberstein, mji wenye mila ndefu ya ukataji wa vito. Yeye aliacha kulitazama jiwe kama umbo la kurudisha mwanga tu, akaanza kuchonga mifereji na nyuso kali upande wa nyuma, na kuacha upande wa mbele ukiwa mpana na mtulivu, ili mtazamaji aone michongo ikijirudia ndani kwa ndani. Kazi yake kubwa zaidi ni Dom Pedro, akwamarini kutoka Brazili yenye urefu wa sentimita 35 na uzito wa karati 10,363, ambayo iko katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington na ilianza kuonyeshwa huko mwaka 2012. Ukiipata picha yake, itazame kwa utulivu: nyota unazoziona ndani zimechongwa kwa nyuma, na hakuna hata moja iliyowekwa bila kuhesabiwa. Watu huuita mkato huru, na wanafunzi hudhani uhuru maana yake ni kukata bila kupima. Sivyo. Mfereji unaokatwa kwa pembe iliyo chini ya ukomo wa jiwe hauonekani kama mwanga, unaonekana kama jeraha.

Mifereji hiyo mashine yako inaweza kuifanya kwa kiasi, ukitumia ukingo wa sahani nyembamba au gurudumu dogo lenye unga wa almasi, kwa mkono. Ugumu hauko kwenye kuchonga. Uko kwenye kung'arisha kona ya ndani ya mfereji, na hapo kijiti cha mbao ngumu kilichochongwa kwa umbo la mfereji, kikapakwa unga wa kung'arishia, hufanya kazi ambayo hakuna sahani inayoiweza.

Lakini kwa amethisti yako, na kwa mashine uliyonayo, mtindo ninaotaka uanze nao ni wa mistari inayopishana. Ni mtindo wa nyuso ndefu bapa tu: kitakoni mistari inakwenda kwa urefu wa jiwe, kwenye taji mistari inakwenda kwa upana wake, na macho ya mtazamaji hukutanisha mistari ya juu na ya chini yakaona miraba inayowaka na kuzima. Hauhitaji kifaa kipya. Kwa gia ya meno 96, ile inayopanga mgeuko wa jiwe kwenye mashine, mistari ya kitako inakatwa kwenye namba 24 na 72, na ya taji kwenye 96 na 48. Kwa kuwa ni kwatzi, mstari wa chini kabisa karibu na ncha uwe digrii 42, unaofuata 44, na wa mwisho 46. Usiuachie hata mmoja wa hiyo mitatu kuvuka ule ukomo wa 46.6 ikiwa unataka wote urudishe mwanga. Ncha mbili za kitako zilizobaki zifunge kwa nyuso zenye mwinuko mkali. Mistari ya taji iwe na mteremko mdogo, isizidi digrii 25, na pande mbili za taji zisizo na mistari zipate uso mmoja mwembamba wenye mwinuko mkali, ili kiuno kinyooke. Ng'arisha kwa oksidi ya seriamu. Kinachoharibu mkato huu ni mstari mmoja kuwa mpana kuliko mwenzake, kwa hiyo pima kila mstari kwa lenzi kabla ya kwenda kwenye sahani laini.

Kama utapenda kuona matokeo kabla ya kugusa jiwe, programu ya GemCad hukuwezesha kuchora mkato wa nyuso bapa kwa digrii na namba za gia, na mwenzake GemRay huonyesha mahali mwanga unaporudi na unapotoroka. Ingiza kipimo cha jiwe husika. Michoro mingi inayopatikana imetengenezwa kwa ajili ya kwatzi au yakuti, na mchoro wa yakuti ukitumiwa kwenye amethisti bila kubadilisha digrii unaweza kukupa dirisha lilelile unalolilalamikia leo.

Iko mitindo mingine ambayo utaombwa siku moja. Mkato wa Kireno, wenye safu nyingi za nyuso ndogo juu na chini, unapendeza kwenye jiwe kubwa la rangi nyepesi; chini ya milimita 10 nyuso zake zinakuwa ndogo mno hata jicho haliwezi kuzitenganisha, na kazi yako yote inapotea. Mkato wa barioni, uliobuniwa na Basil Watermeyer wa Afrika Kusini mwaka 1971, una nyuso za umbo la mwezi mchanga chini ya kiuno, na unafaa pale unapotaka umbo la mraba au mstatili lenye kitako kinachometameta. Mkato wa waridi, wa tumbo bapa na mgongo wa nyuso za pembetatu, ni mzuri kwa vipande vyembamba ambavyo havina kina cha kitako. Umweleze mnunuzi mapema kwamba jiwe la waridi huonekana hadi upande wa pili kwa asili yake, asije akaliita dirisha.

Kabla hujaahidi mtindo wowote kati ya hiyo, muulize sonara atakayelifunga jiwe. Maduka hutunza vishikio vya ovali za milimita 6 kwa 4, 7 kwa 5 na 8 kwa 6, na jiwe lenye umbo lake la pekee linahitaji kishikio cha kutengenezwa kwa mkono, gharama ambayo mteja hupaswa kuijua siku ya kwanza.

Zimebaki tsavoraiti zako. Hizi ni ganeti, hazina upande wa kupasukia kama tanzanaiti, wala hazibadilishi rangi ukizigeuza, kwa hiyo una uhuru wa kuziweka vyovyote umbo la jiwe ghafi linavyokuelekeza. Tatizo lao ni rangi nzito, na rangi hukolea zaidi kadiri mwanga unavyosafiri mwendo mrefu ndani ya jiwe. Usizipe mkato wa Kireno wala mkato wowote mrefu wa kitako. Ziweke kitako cha digrii 38, ambacho bado kiko digrii tatu juu ya ukomo wake, na taji la chini la kawaida lenye meza pana. Drafti usiipeleke kwenye kitako hicho: miraba ya katikati ingekula hizo digrii tatu zote. Kata moja iliyo ndogo kuliko zote, itazame nje kwenye kivuli saa nne asubuhi badala ya chini ya taa ya mezani, ndipo uamue kuhusu zilizobaki.